Damu ya Mtoto Mchanga na Wajibu Wetu Juu Yake

Darasa la mwezi huu twalifungua kwa barua. Imetujia kutoka Kericho, nchi ya chai, kwa ndugu yetu mmoja mzaliwa wa Mombasa ambaye kazi ilimpeleka huko, na sasa amekaa miaka minane pamoja na ahali yake. Jina lake hatulitaji, kwani yaliyomo ni mambo ya nyumba yake; lakini ametupa ruhusa tuyaeleze ili yawafae na wengine.

Asema kuwa mtoto wao wa kwanza alizaliwa nyumbani kwa mkono wa mkunga, na yu hai, ana miaka sita. Wa pili alizaliwa mzima, lakini kabla ya kutimia siku moja macho yake na ngozi yake vilikuwa manjano. Siku ya tatu akakaza shingo, akapinda mgongo kwa nyuma, akafa. Wa tatu alizaliwa amekwisha kufa, mwili wote umevimba. Hivi sasa mkewe ana mimba ya miezi minne, na daktari amewaambia kwamba huenda mtoto huyu akahitaji kutiwa damu, pengine hata kabla ya kuzaliwa.

Khabari hiyo ilipowafikia wazee, kila mmoja alisema lake. Wa kwanza alisema ni jicho la watu. Wa pili alisema yule mtoto aliyepinda mgongo alipatwa na dege, na kwamba mama yafaa afukizwe. Wa tatu alisema damu ni haramu, haiingii mwilini mwa Mwislamu. Na wa nne, aliyejiona mpole kuliko wote, alisema: ikiwa hapana budi, basi mtoto atiwe damu ya babake, wala si ya mtu mwengine, khasa asiyekuwa wa dini yetu. Ndugu yetu auliza: lipi katika haya ni haki?

Suala hili tumelisoma katika duara letu mara mbili, mara moja mbele ya kitabu cha fiqhi na mara moja mbele ya ndugu aliyesomea udaktari. Jawabu letu ni refu kidogo, lakini msomaji na asubiri, kwani hata yule ambaye hajapata kuiona Kericho ana haja nalo. Na tangu mwanzo twasema wazi: katika rai zote nne, ile ya nne, iliyoonekana kuwa ya upole, si ya salama. Kwa mtoto huyu, damu ya babake ndiyo damu isiyomfaa kabisa. Sababu yake itadhihiri mbele.

Nchi ya chai na damu za watu wake

Kericho na jirani yake Bomet ni nchi ya vilima, na mji wa Kericho uko juu ya bahari kiasi cha mita 2,000. Mvua ni nyingi, baridi ni kali kwa mtu wa pwani, na chai hustawi. Wenyeji wake ni Wakipsigis. Mashamba makubwa ya chai yalipoanzishwa katika miaka ya 1920, wafanya kazi wengi walitoka nje, khasa pande za Ziwa Viktoria na nchi zilizo karibu nalo. Kisha wakaja makarani na wafanya biashara kutoka kila upande, hata sisi wa pwani. Kwa hivyo katika wodi moja ya uzazi huko hulala wake wa asili mbalimbali, na damu zao nazo zina asili mbalimbali.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na wakati huo akisomea udaktari Uingereza, alipima damu za watu wa makabila mengi ya nchi hii. Akaona kwamba alama ya ugonjwa wa selimundu ilikuwa nyingi kwa watu wa pwani na watu wa kando ya ziwa, hata mahali pengine ikafika watu 20 au zaidi katika kila 100, ilhali kwa watu wa nchi za juu ilikuwa haba mno. Mwaka 1954 alitoa ushahidi wa sababu yake: mtu aliyerithi alama hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga mbele ya malaria, na pwani na ziwani ndiko malaria ilikokaa tangu kale. Basi mtu wa Mombasa akihamia Kericho hubadili hewa na chakula, lakini damu yake ni ile ile aliyorithi kwa wazee wake. Ndiyo maana hatuwezi kusema kwamba mambo ya damu ni ya watu wa huko tu.

Damu ya mtoto ni kikombe kimoja

Kabla ya kutaja maradhi, na tujue kipimo. Mtoto aliyezaliwa ana damu kiasi cha mililita 80 au 90 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo tatu, basi, damu yake yote yapata mililita 250, yaani kikombe kimoja cha chai. Mtu mzima akitokwa na vijiko vitano vya damu hatajua. Mtoto mchanga akitokwa na kiasi hicho amepoteza sehemu kubwa ya uhai wake. Na kwa upande wa pili, mtu mzima akitoa chupa moja ya damu, atakunywa chai yake, atakwenda zake, na mwili wake utairudisha. Lakini chupa hiyo yaweza kutosha zaidi ya mtoto mmoja. Msomaji aliyekikumbuka kikombe hiki ataelewa kwa nini katika jambo la watoto hapana nafasi ya kusema tutangoje mpaka kesho.

Ndani ya damu mna chembe nyekundu zinazochukua hewa safi na kuipeleka mwilini. Mwaka 1901 Karl Landsteiner wa Vienna alibainisha kwamba damu za watu si jinsi moja, na leo twazijua kwa majina A, B, AB na O. Mwaka 1940 yeye na mwenzake Alexander Wiener wakaeleza alama nyengine iitwayo Resusi. Mwenye alama hiyo katika chembe zake huitwa chanya, na asiyekuwa nayo huitwa hasi. Katika Wakenya walio wengi alama hiyo imo. Walio hasi ni wachache, wapata wanne au watano katika 100. Kuwa hasi si ugonjwa wala si aibu. Ni umbile tu, kama mtu kuzaliwa na macho ya rangi fulani.

Ugonjwa wa Resusi

Shida huja mama akiwa hasi na mtoto aliye tumboni akiwa chanya kwa kurithi kwa babake. Damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki kwa desturi. Lakini wakati wa kuzaa, au mimba ikitoka, au tumbo likigongwa, matone machache ya damu ya mtoto huingia kwa mama. Mwili wa mama hauijui ile alama, huidhania ni adui, ukaandaa askari wa kuipiga. Mtoto wa kwanza aghalabu husalimika, kwani askari huandaliwa baada ya yeye kuzaliwa. Lakini askari hao hawasahau. Mimba ya pili ikija na mtoto akawa chanya tena, huvuka mpaka kwake na kuzivunja chembe zake nyekundu moja baada ya moja. Mtoto hupungukiwa na damu, moyo wake ukachoka, mwili ukavimba maji; naye aidha hufa tumboni, au huzaliwa akageuka manjano katika siku ile ile ya kwanza.

Msomaji na arejee kwenye barua. Mtoto wa kwanza mzima, wa pili manjano, wa tatu amevimba na kufa. Mama ni O hasi na baba ni O chanya. Hapana jicho hapa wala dege. Kule kukaza shingo na kupinda mgongo ni dalili kwamba ile manjano ilikwisha panda katika ubongo. Wazee wetu walioliita jambo hilo dege waliona sawasawa kwa macho yao, ila sababu yake hawakuijua. Na sisi tuliokwisha ijua hatuna udhuru wa kufukiza.

Na sasa itadhihiri ubaya wa ile rai ya nne. Askari wa mama wameandaliwa dhidi ya alama iliyotoka kwa baba. Kumtia mtoto huyu damu ya babake ni kuwaongezea askari hao chembe za kuvunja. Damu inayomfaa ni O hasi, na wenye damu hiyo ni wachache, wapata wawili tu katika 100. Huenda mwenye kuwa nayo akawa ni mchuma chai wa Kapsuser, au mwanafunzi wa skuli ya Bomet, au mama wa Kisumu. Hatuchagui sisi, tumtafute na tumshukuru.

Tiba ya mtoto aliye tumboni ina historia yake. Mwaka 1963 daktari William Liley wa Auckland, New Zealand, alipitisha sindano katika tumbo la mama na kumtia damu mtoto ambaye bado hajazaliwa. Siku hizi daktari huangalia kwa mashine ya picha ya mawimbi ya sauti, akapima mwendo wa damu katika mshipa wa kichwa cha mtoto. Damu iliyopungua chembe huenda mbio, na mbio hizo humpa khabari bila ya kumchoma mtu. Akiona haja, huingiza sindano mpaka kwenye mshipa wa kitovu na kumtia mtoto damu kidogo kidogo, na pengine hurudia baada ya wiki mbili au tatu. Kazi hii yataka mabingwa, na katika Kenya hufanywa Nairobi. Ndiyo sababu tulimwandikia ndugu yetu, kabla ya kuchapa darasa hili, kwamba asingoje mwezi wa saba, bali awaombe madaktari wake barua ya kumpeleka mkewe huko sasa hivi.

Lakini kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ipo tangu mwaka 1968. Ni sindano iitwayo Anti-D. Mama aliye hasi hupewa karibu na wiki ya 28 ya mimba, na tena katika saa 72 za kwanza baada ya kuzaa mtoto aliye chanya, na vile vile mimba ikitoka. Sindano hiyo huzifuta chembe za mtoto zilizoingia kwa mama kabla mwili wake haujaandaa askari. Askari wakisha andaliwa, sindano haina kazi tena. Kwa hivyo ikikosekana baada ya mtoto wa kwanza, huwa imekosekana. Dawa hii yenyewe hutolewa katika damu za watu. Huko Australia alikuwako mtu mmoja, James Harrison, ambaye alitiwa damu za watu alipopasuliwa katika ujana wake, akaweka nadhiri ya kurudisha. Tangu 1954 mpaka 2018 alitoa zaidi ya mara 1,100, na damu yake ikatumika kutengenezea dawa hiyo. Yakisiwa kuwa watoto zaidi ya milioni mbili walifaidika. Alifariki mwaka 2025.

Manjano ya siku za mwanzo

Watoto wengi hugeuka manjano kidogo siku ya pili au ya tatu, kisha ikaondoka yenyewe katika wiki mbili. Hiyo haina khatari. Ya khatari ni ile inayoonekana katika saa 24 za kwanza, au inayoshuka mpaka nyayoni, au inayokuja pamoja na mtoto kulegea, kukataa kunyonya au kulia sauti nyembamba. Kwa mtoto mweusi manjano hufichika. Mbinye kidogo ngozi ya paji la uso au kifua, tazama rangi inayobaki, na utazame weupe wa macho na ufizi.

Mbali na Resusi, ziko sababu mbili zinazotuhusu sana. Ya kwanza ni mama mwenye damu O na mtoto aliyerithi A au B. Wakenya wapata nusu ni O, basi jambo hili ni la kawaida, nalo laweza kumpata hata mtoto wa kwanza; kwa bahati njema aghalabu huwa jepesi. Ya pili ni upungufu wa kinga moja iliyo ndani ya chembe nyekundu, iitwayo kwa kifupi G6PD, ambao ni mwingi kwa watu wa pwani na wa ziwani, na huwapata zaidi watoto wa kiume. Mwenye upungufu huo huishi salama mpaka akutane na kinachomdhuru: baadhi ya dawa, maharage ya ful, na vile vidonge vyeupe vya nafthalini tunavyotia katika makasha ili kuzuia nondo. Mama akitoa katika kasha nguo za mtoto zilizowekwa tangu mtoto aliyetangulia, akamvika bila ya kuzifua na kuzianika, harufu ile ile aipendayo yaweza kumvunjia mwanawe damu. Twawasihi mama zetu: nguo za mtoto zisikae na vidonge hivyo kabisa.

Tiba ya manjano ni mwangaza. Mwaka 1956 katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward aliona kwamba watoto aliowatoa juani walipungua manjano pale jua lilipowapiga. Madaktari wakalichunguza, na mwaka 1958 wakatoa khabari za taa zinazofanya kazi hiyo. Hata hivyo mtu asidhani kumwanika mtoto asubuhi kwatosha. Jua la dirishani halipimiki, na Kericho, ambako mawingu hutanda na baridi humdhuru mtoto aliye uchi, halitegemewi. Taa ya buluu ya hospitali ndiyo tiba. Na ikiwa manjano imepanda mno, madaktari huibadilisha damu ya mtoto: huitoa kidogo kidogo na kutia nyengine mahali pake. Hapo damu ya kutia lazima iwe tayari siku hiyo hiyo.

Selimundu

Ikiwa baba na mama kila mmoja ana alama moja ya selimundu, wao wenyewe huwa wazima, lakini kila mtoto wao ana bahati moja katika nne ya kurithi alama mbili, na huyo ndiye mgonjwa. Chembe zake hujipinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo na kuvunjika mapema. Mgonjwa huyu haonekani siku ya kuzaliwa, kwani mtoto huzaliwa na damu ya namna ya tumboni, isiyojipinda; ugonjwa hutokeza baada ya miezi kadhaa, damu hiyo inapobadilika. Wazazi wakasema: mtoto alikuwa mzuri, nani amemtazama? Hakuna aliyemtazama. Mtoto akipimwa mapema kwa tone la damu ya kisiginoni, akapewa penisilini kila siku mpaka afike miaka mitano, na chanjo zake, na dawa ya haidroksiyurea pale daktari aonapo, huishi na kusoma kama wenziwe. Na mzazi wa pwani au wa ziwani aishiye Kericho na ajue kwamba baridi na wembamba wa hewa ya nchi za juu waweza kumwamshia mtoto huyu maumivu. Na amfunike vema, na amnyweshe maji kwa wingi.

Hapa pana neno la nikaha. Sisi hupenda kuoana mtu na binamu yake, na sharia haikukataza. Lakini wenye nasaba moja huwa na alama moja mara nyingi zaidi. Kupima kabla ya kuposa hakuvunji udugu, kunapunguza vilio.

Mtoto anayetokwa na damu

Watoto wachanga wote huzaliwa na upungufu wa vitamini K, ambayo hugandisha damu, na baadhi yao hutokwa na damu kitovuni, tumboni au ubongoni bila ya sababu ya nje. Sindano moja ndogo ya pajani siku ya kuzaliwa hulizuia jambo hilo. Hii yatuhusu khasa kwa sababu wengi wetu huwatahiri watoto siku ya saba. Asitahiriwe mtoto ambaye hajapata sindano hiyo. Na ikiwa ndugu yake, au mjomba wake kwa upande wa mama, alitahiriwa akatokwa na damu isiyokoma, basi kisu kisimguse mpaka apimwe, kwani uko ugonjwa wa damu kutoganda ambao mama huubeba bila ya kuugua na watoto wa kiume wakaugua. Kuchelewesha tohara kwa udhuru kama huu hakuna lawama.

Malaria, kitovu na damu ya Makadara

Katika mashamba ya chai malaria ilikuwa imepungua sana baada ya miaka ya 1940, lakini katika miaka ya 1980 na 1990 ilirudi kwa nguvu, wakati dawa ya klorokwini ilipokuwa inapoteza nguvu yake. Watu wa nchi za juu hawana kinga ya kuzoea, basi mama mwenye mimba akiugua hupungukiwa na damu upesi, na mtoto huzaliwa mdogo, kikombe chake nusu. Mama alale ndani ya chandarua, ameze vidonge vya madini ya chuma, na homa isikae nyumbani.

Wakunga nao wana kazi. Wengi walizoea kukata kitovu mara tu mtoto atokapo. Shirika la Afya Duniani lahimiza kungoja dakika moja mpaka tatu, ili damu iliyobaki katika kondo la nyuma imwendee mwenyewe. Na damu inayobaki humo baada ya hapo si takataka. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, mama waliozaa katika hospitali kuu ya Mombasa, ile tunayoiita Makadara, walitoa damu ya vitovu, ikapimwa na kuhifadhiwa, na wakatiwa watoto wa Kilifi waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu; ikaonekana ni salama. Mama wa Mombasa hawakuwajua watoto hao. Hiyo ni sadaka ya kweli.

Maswali ya sharia

Suala: Je, damu si najisi na haramu? Jawabu: Kuila ni haramu, na kwa madhehebu yetu ya Shafii ni najisi. Lakini Qur'ani, katika Sura ya Bakara aya ya 173, baada ya kuiharimisha imemwondolea dhambi aliyeshikwa na dharura asiyekuwa mkiukaji. Na wanazuoni wameruhusu kujitibu kwa najisi inapokosekana dawa safi. Mufti wa Misri, Sheikh Hasan Ma'mun, alitoa fatwa ya kujuzu kutiwa damu mwaka 1959, na wengi wamekubaliana naye.

Suala: Damu ya asiyekuwa Mwislamu? Jawabu: Inajuzu. Imani haimo katika chembe za damu. Hospitali ya Tenwek karibu na Bomet ilianzishwa na wamishonari mwaka 1937, na Waislamu hutibiwa humo bila ya dini yao kupungua. Basi vipi tukubali mkono wa daktari na tuikatae chupa aliyoishika?

Suala: Je, aliyetiwa damu huwa maharimu wa aliyeitoa, kama ilivyo kwa maziwa? Jawabu: La. Udugu wa kunyonya una masharti yake, na damu haimo.

Suala: Kutoa damu kwafunguza saumu? Jawabu: Kwa Shafii hakufunguzi, kama kupiga chuku; lakini kwaweza kumdhoofisha mtu, basi bora aitoe usiku au kabla ya Ramadhani.

Suala: Yafaa kuiuza? Jawabu: Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza thamani ya damu. Aliyelazimika kununua ili aokoe uhai hana lawama. Lawama ni ya muuzaji.

Wajibu wetu

Baada ya bomu la Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998, ambapo watu zaidi ya 200 walikufa na maelfu wakajeruhiwa, nchi nzima iliona upungufu wa damu, na mwaka 2001 ikaundwa idara ya taifa ya damu. Vituo vikubwa vilivyo karibu na nchi ya chai viko Nakuru na Kisumu. Damu ya idara hupimwa ukimwi, maradhi ya ini na kaswende kabla ya kutolewa. Lakini wengi wanaotoa ni wanafunzi wa skuli, basi skuli zikifungwa, mabirika hukauka. Watoto hawangojei skuli zifunguliwe ndipo wazaliwe.

Kwa hivyo twasema: kila anayetaka kuoa au kuolewa aijue damu yake, jina lake, Resusi yake na alama ya selimundu. Kila mwenye mimba apimwe mwanzoni, na aliye hasi mumewe aweke akiba ya sindano tangu mwezi wa kwanza, kwani ina gharama. Asiachwe mke kwa sababu ya damu yake. Hakuichagua, na pengine mtoto afuatao atarithi uhasi wake akasalimika. Na kila mzima wa miaka 16 mpaka 65, mwenye uzito usiopungua kilo 50, atoe damu kabla ya kuombwa, kwani anayeombwa wakati mtoto yu mezani aghalabu amechelewa. Sura ya Maida, aya ya 32, imeulinganisha uhai wa mtu mmoja uliookolewa na uhai wa watu wote. Wachache wetu tuna mali ya kutenda makubwa. Damu kila mmoja wetu anayo.

Tulipokuwa twapeleka karatasi hizi chapani, barua ya pili ilifika kutoka Kericho. Mke yuko Nairobi chini ya madaktari, mtoto anapimwa kila wiki, na mambo bado yako mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Ndugu yetu aandika kwamba alikwenda kutoa damu yake mwenyewe, akijua kuwa haitamfaa mwanawe. Muuguzi alimwambia kuwa O chanya yawafaa watu zaidi ya 90 katika kila 100 wa nchi hii, na kwamba watoto wawili walikuwa wakiingoja wodini. Alitoka na vijana sita wa msikiti, na mmoja wao akaonekana ni O hasi, wala hakuwa akijua maisha yake yote.

Twamwomba Mwenyezi Mungu ampe ndugu yetu na mkewe mtoto mzima, na atupe sisi ilimu yenye kufaa na mikono yenye kutoa. Amin.